Deni la Injili katika Nchi ya Wazigua

Kila mwaka ninapokaa na vijana wa kipaimara katika mtaa wetu hapa Korogwe, huwauliza ni nani aliyeleta Injili katika nchi ya Wazigua. Hunijibu kwa majina ya Wazungu, maana ndiyo wanayoyasikia kwenye sherehe za jubilei. Majina hayo ni ya kweli na yanastahili heshima. Lakini mimi ni mjukuu wa mwalimu wa misheni, na nimeshika chaki shule ya msingi mpaka nikastaafu. Najiona ninao wajibu wa kuwarudisha vijana hawa nyuma zaidi, mpaka kwa wavulana watano waliokutwa ndani ya jahazi la watumwa.

Ilikuwa mwaka 1864. Askofu William Tozer na Dakta Edward Steere walikuwa wamefika Unguja mwishoni mwa Agosti. Misheni yao ya Kianglikana, Universities' Mission to Central Africa, ambayo huku kwetu iliitwa UMCA na mpaka leo wazee huiita hivyo, ilianzishwa baada ya David Livingstone kuhutubia chuo kikuu cha Cambridge mwaka 1857 na kuwataka vijana wasomi waje Afrika. Safari ya kwanza ya misheni hiyo, kule Malawi ya leo, iliishia makaburini: Askofu Charles Mackenzie alifariki Januari 1862, na wenzake kadhaa wakamfuata. Tozer akaona heri kuanzia Unguja. Muda mfupi baada ya kufika kwake, Sultani Majid alimkabidhi wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la magendo. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa shule iliyokuja kujulikana kwa jina la Kiungani.

Wawili kati ya watano hao, Yohana Swedi na Fransisi Mabruki, walipewa daraja la ushemasi mdogo mwaka 1870. Swedi akawa shemasi kamili mwaka 1879, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufikia daraja hilo. Huwaambia vijana wangu walitafakari jambo hili taratibu. Mtoto ametolewa kwao, ameuzwa, amefungiwa ndani ya jahazi, hana baba wala mjomba wa kumdai. Baada ya miaka michache anaambiwa kwamba habari njema aliyoipokea si ya kukaa nayo pwani, na anakubali kuivusha bara, katika nchi zile zile ambako misafara iliwatoa watoto kama yeye. Wajibu wa Mkristo kumshirikisha mwenzake Injili, ambao sisi huuhubiri kwa dakika 20 Jumapili kisha tukaenda kula, ulikuwa na uzito huo siku ulipotufikia.

Na nchi yetu ilikuwa na jeraha lake. Bandari za Pangani na Saadani zilikuwa mlangoni petu. Katika njaa kubwa ya miaka ya 1830, Wazigua wengi waliuzwa au walijitoa wenyewe kwa wenye majahazi ili wapate kula, wakavushwa mpaka Somalia. Waliotoroka mashamba ya huko walikaa bonde la mto Juba, na wajukuu zao waliendelea kusema Kizigua kwa zaidi ya karne moja na nusu. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia huku kwa mababu, wakapokelewa Mkuyu na baadaye Chogo, wilayani Handeni, na wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Nimezungumza na mama mmoja wa Chogo, tukaelewana kwa Kizigua. Lakini ukweli una upande wa pili, na mwalimu hafichi upande wa pili: baadaye katika karne ile, Wazigua wenye bunduki nao waliwakamata majirani zao na kuwauza. Injili ilipofika ilitukuta sisi tulioibiwa na sisi tulioiba, katika nyumba moja.

Mzungu wa kwanza kuleta wazo la misheni upande huu alikuwa Johann Ludwig Krapf, aliyepanda Vuga, mji mkuu wa Usambaa, kumwona mfalme Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848, akarudi tena 1852. Aliruhusiwa kwa maneno mazuri, lakini hakuna kilichojengwa. Mwaka 1867 alikuja Padri Charles Alington wa UMCA. Watawala wa Vuga hawakumtaka mjini mwao, wakamwelekeza chini, nchi ya Bonde, na hapo ndipo Magila ilipoanza. Kwa miaka mingi Magila ilikuwa kituo kidogo katikati ya vita: Wabondei walikuwa wamewainukia Wakilindi, ukoo uliotawala kutoka Vuga, na chifu Semboja wa Mazinde alikuwa na nguvu katika bonde lote la mto Pangani. Kutoka Magila kazi ilisogea mpaka hapa Korogwe katika muongo wa mwisho wa karne ya 19.

Hapo majina mawili ya Wazungu lazima yatajwe. Padri Herbert Woodward alikuwa amekwisha kuandika kitabu cha lugha ya Kibondei mwaka 1882. Padri W. H. Kisbey aliketi na Wazigua, akaandika masomo ya Kizigua, kisha kamusi ya Kizigua iliyotoka mwaka 1906. Nimeiona kamusi hiyo, na mwalimu yeyote akiifungua atajua mara moja kwamba Mzungu mmoja hawezi kuyatunga yale peke yake. Majina ya miti, ya magonjwa ya mbuzi, ya sehemu za nyumba ya msonge, ya namna za mvua: nyuma ya kila neno kuna mtu aliyekaa kivulini akaulizwa, akajibu, akaulizwa tena. Watu hao walikuwa wanafunzi na walimu wa hapa hapa, na jalada la kitabu halikuwataja.

Mapadri wazalendo nao walikuwa wamekwisha kupatikana. Petro Limo alikuwa wa ukoo wa Wakilindi, watawala wa Usambaa, na akawa padri. Hilo lilikuwa jambo zito: mtu wa nyumba iliyotoza kodi na kuamua kesi za watu anakwenda kwa miguu kuwafundisha waliokuwa raia wa baba zake. Samweli Sehoza, Mbondei, akawa padri vilevile, naye nitamrudia.

Reli ilifika Korogwe mwaka 1902. Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kuingia Muheza mwaka 1896, na baada ya Korogwe ikaendelea Mombo na hatimaye Moshi. Kwa misheni, reli ilikuwa na faida kwa vitabu, kwa dawa na kwa barua za Askofu. Kwa mwalimu aliyepangiwa upande wa Handeni haikuwa na msaada wowote, maana reli ilipita kaskazini na yeye alikuwa akielekea kusini. Alivuka mto, akashika njia ya vichaka vya miiba na ndorobo, nchi ambayo mvua ikikosa msimu mmoja watu huanza kuhesabu magunia. Zaidi ya kilomita 60 mpaka Handeni, na mzigo kichwani. Kideleko, karibu na mji wa Handeni, na Kwamkono vilikuja kuwa vituo vikubwa vya kanisa katika nchi hiyo kavu, lakini kati ya kituo na kituo palikuwa na vijiji, na katika kijiji palikuwa na mtu mmoja aliyeitwa Mwalimu.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Alianza kazi miaka ya 1920, katika kijiji cha upande wa Handeni, akiwa kijana aliyeoa juzi. Kwa sisi Wazigua wa zamani, mjomba ndiye aliyekuwa na neno, na mjomba wake babu alikuwa Mwislamu, mtu wa msikiti, aliyewahi kufanya biashara Pangani. Babu alipotaka kubatizwa, alikwenda kwanza kwa mjomba. Mzee alimjibu kwamba mtu anayeacha dini ya ndugu zake aiache kwa jambo kubwa, asiiache kwa shati na kalamu. Babu alituhadithia neno hilo mara nyingi, na alilihesabu kuwa fundisho lake la kwanza la Ukristo, ingawa lilitoka kinywani mwa Mwislamu.

Siku ya mwalimu ilikuwa na mpango. Alfajiri aligonga kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe, waumini wachache wakaja kusali. Kisha alikwenda shambani, maana posho ya misheni haikutosha kulisha nyumba, na mwalimu asiye na shamba alidharauliwa. Jua likipanda, watoto walikuja na vibao vyao: herufi, hesabu kidogo, kuimba, na kusoma kwa sauti Injili ya Kiswahili katika tafsiri iliyotokana na kazi ya Steere. Alasiri aliwatembelea wagonjwa. Jioni walikuja watu wazima waliotaka kujifunza, na hao ndio waliomchosha na kumfurahisha zaidi, kwa sababu walikuwa na maswali. Je, marehemu baba yangu yuko wapi? Je, nikibatizwa, nani atatambikia mizimu ya shamba? Je, mke wa pili nimpeleke wapi, na ana watoto wangu wanne?

Misheni haikubatiza watu kwa haraka. Aliyetaka alianza kuwa msikilizaji. Akionyesha nia, alipewa msalaba mbele ya waumini, akauvaa shingoni, akawa mkatekumeni. Hapo alifundishwa na kuangaliwa mwenendo kwa miaka, si kwa miezi. Babu aliacha daftari. Ni daftari la kawaida la mistari, jalada limeliwa na mchwa pembeni, na ndani amechora safu kwa rula: jina, jina la mjomba au la mume, siku ya kupewa msalaba, siku ya ubatizo, maelezo. Nikilifungua, macho yangu hukimbilia safu ya mwisho. “Amekwenda mkonge Ngombezi.” “Ameolewa Sindeni, afuatwe.” “Njaa, wamehama.” “Amerudi dini ya mume, tunasalimiana.” Hilo la mwisho limeandikwa zaidi ya mara moja, na hakuna jina hata moja lililokatwa kwa wino. Aliyeondoka alibaki kwenye orodha, na babu aliendelea kumwombea na kumtembelea mkewe akijifungua. Kwa mwalimu wa kijijini, kushirikisha Injili lilikuwa jambo la kujua nani yuko wapi na ana hali gani.

Bibi hakuwamo katika orodha ya walimu wa misheni wala hakupewa posho. Lakini wanawake wa kijiji waliofika kisimani, kwenye kinu na kitandani pa mzazi walimkuta yeye kwanza. Alijua sala zote kwa moyo kabla ya kujua kusoma. Wanawake wawili waliobatizwa mwaka mmoja, kwa mujibu wa daftari, wameandikiwa “kwa mkono wa mke wangu”. Nafurahi kwamba babu aliandika hivyo, kwa kuwa katika taarifa zilizopelekwa juu wanawake hawaonekani, na bila wao nusu ya kanisa la Uzigua isingekuwapo.

Sasa nisipoeleza habari ya Uislamu nitakuwa nimesimulia historia ya uongo. Katika sehemu kubwa ya Handeni, na hapa Korogwe pia, Uislamu ulitangulia au ulienda sambamba na Ukristo, na ukaota mizizi mirefu zaidi. Uliletwa na wafanyabiashara wa Pangani na Saadani, na walimu wa vyuo na watu wa tarika waliooa hapa na kulima hapa. Mpaka leo vijiji vingi vya Handeni ni vya Waislamu, na karibu kila ukoo una watu wa pande zote mbili. Kuna Wakristo wenzangu wanaolihesabu hili kuwa ni kushindwa kwa misheni. Mimi silioni hivyo. Waislamu wa nchi hii walifanya kile hasa ambacho walimu wetu bora walikifanya: walikaa.

Na wamisheni walio na busara walijifunza kwao. Mtambo wa kuchapa wa Magila ndio uliotoa Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, Mwislamu ambaye mama yake alikuwa Mzigua. Kilitoka kwa sehemu kati ya mwaka 1895 na 1907. Mpaka leo mtu anayetaka kujua asili ya Mbegha, mwanzilishi wa utawala wa Wakilindi, na ufalme wa Vuga huanzia hapo, na misheni ndiyo iliyopanga herufi zake. Padri Godfrey Dale, aliyefanya kazi Bonde kwa miaka, alifasiri Kurani yote kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1923. Nia yake ilikuwa ya mtu wa hoja, alitaka kujibizana na Uislamu, na Waislamu walikuwa na sababu ya kutoipenda kazi ile. Lakini alikubali kwanza kazi ya miaka ya kusoma kitabu cha jirani yake neno kwa neno, kabla ya kufungua kinywa.

Sisi wa UMCA hatukuwa peke yetu katika kazi hii. Mapadri Wakatoliki wa Roho Mtakatifu, waliokuwa Bagamoyo tangu 1868, walianzisha Mandera katika Uzigua wa kusini mwanzoni mwa miaka ya 1880. Walutheri wa Kijerumani walifungua Lutindi mwaka 1896, juu ya milima inayotazama Korogwe, kwanza kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, baadaye kama hospitali ya wagonjwa wa akili, na kazi hiyo inaendelea. Kila kanisa lilikuwa na mipaka yake na wivu wake. Lakini ukitazama vituo vya mwanzo vya makanisa yote matatu, utaona jambo moja: mtoto aliyeponyoka mnyororo yuko karibu na mlango.

Kisha mnyororo ukarudi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, serikali ya Kijerumani iliwaweka kizuizini wamisheni Waingereza wa UMCA, na baadaye ikawageukia mapadri na walimu Waafrika kwa kuwashuku kuwa wapelelezi. Walifungwa, wakachapwa, wakabebeshwa mizigo ya jeshi, wakatembezwa bara. Baadhi hawakurudi. Padri Samweli Sehoza alikuwa miongoni mwa waliofungwa, na alipotoka aliandika kitabu kwa Kiswahili akakiita Mwaka katika Minyororo, kilichochapishwa 1921. Majeshi ya Waingereza yaliingia Korogwe na Handeni Juni 1916, na Tabora, walikokuwa wafungwa wengi, ilitekwa na Wabelgiji Septemba mwaka huo huo.

Askofu Frank Weston wa Zanzibar, aliyekuwa ameongoza kikosi cha wapagazi katika vita hivyo, alimwandikia Jenerali Smuts barua ya wazi, ikachapishwa mwaka 1918, kueleza mateso ya Waafrika chini ya Wajerumani. Mtu angeweza kusema hiyo ni kazi rahisi, kumshtaki adui aliyeshindwa. Lakini mwaka 1920 Weston aliandika tena, safari hii dhidi ya serikali ya nchi yake mwenyewe, kupinga kazi ya shuruti waliyolazimishwa Waafrika wa Kenya. Ninamtaja kwa sababu wajibu wa kutangaza Injili hauwezi kutengwa na wajibu wa kusema ukweli kwa mwenye nguvu. Mtu aliyesikia mahubiri ya upendo asubuhi na kuona mhubiri akinyamazia kiboko mchana ana haki ya kutorudi tena jioni.

Misheni ilikuwa na makosa pia, na wazee wetu waliyaishi. Mafundisho ya unyagoni na jandoni yalipigwa marufuku kwa ujumla. Kule Bonde walimu walipambana kwa miaka juu ya galo, mila ya Wabondei ya kuwafunda vijana, bila daima kutenganisha kilichodhuru na kilichowalea vijana kuwa watu wazima. Shule ilifungamanishwa na katekisimu, hivyo mtoto aliyetaka herufi ilimbidi apitie dini, na wapo waliobatizwa kwa ajili ya ukarani wa Tanga. Mjomba wa babu aliliona hilo mapema kuliko maaskofu.

Mkonge ulibadilisha kila kitu. Mashamba yalienea kuanzia enzi ya Wajerumani, na chini ya Waingereza yakajaa bonde zima: Ngombezi, Mnyuzi, Magoma, Hale, na Kabuku upande wa Handeni. Wakaja manamba kutoka Masasi na Msumbiji, kutoka Songea, Unyamwezi, Kigoma, Burundi. Wengi walifika wamekwisha kubatizwa kwao. Katika kambi, watu waliokata majani ya mkonge tangu usiku haujaisha walijikusanya Jumapili chini ya paa la makuti, na mara nyingi aliyeongoza sala alikuwa mkata mkonge mwenzao mwenye kitabu cha sala cha kwao. Hivyo Korogwe ilipata waumini ambao hakuna mmisheni wa hapa aliyewafundisha. Babu alitembea kwenda kambini kuwatafuta watu wa daftari lake, akakuta Wamakonde wanaoimba misa vizuri kuliko yeye. Alirudi na wimbo mpya na mwalimu msaidizi.

Masista wa Mateso Matakatifu, shirika lililoanzishwa mwaka 1911 wakati wa Askofu Weston, walileta namna nyingine ya kutangaza. Waliuguza, walizalisha, walifundisha wasichana. Hospitali ya Mtakatifu Fransisi pale Kwamkono imekuwa kimbilio la nchi nzima ya Handeni, na karibu nayo kuna bweni la watoto wenye ulemavu. Wengi wa waliotibiwa huko ni Waislamu, kama ilivyo nchi yenyewe. Mama yangu mdogo alijifungua huko kitanda kwa kitanda na mke wa maalimu. Hakuna aliyeulizwa dini kabla ya kupewa maji ya moto.

Baada ya uhuru mambo mawili yaliigusa kazi hii moja kwa moja. La kwanza ni shule. Kwa Sheria ya Elimu ya 1969, serikali ilizichukua shule za misheni. Kwa watoto wa Kiislamu ilikuwa haki iliyochelewa, nami nimefundisha katika shule hizo na sijutii hata siku moja kwamba mtoto yeyote aliingia darasani kwangu bila kuulizwa dini. Lakini mwalimu wa kanisa kijijini alipotea pamoja na darasa lake. Aliyesomea ualimu akawa mtumishi wa serikali, akahamishwa Mwanza au Lindi, na kijiji kikabaki na katekista asiye na posho. La pili ni vijiji vya Ujamaa. Handeni ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, na kaya zilizotawanyika zilikusanywa barabarani. Makanisa madogo ya miti na udongo yaliachwa porini, na kile kipande cha reli cha babu sijui kilichukuliwa na nani.

Leo Korogwe ni makao makuu ya Dayosisi ya Tanga ya Kanisa Anglikana. Tuna maaskofu wazalendo, mapadri wenye shahada, na vyombo vya muziki. Tunajua kuandaa mkutano wa Injili: jukwaa, jenereta, spika kubwa, mhubiri kutoka Dar es Salaam, siku tatu, kisha gari linaondoka. Sisemi kwamba Mungu hatumii mikutano. Nimeona watu waliobadilika kweli. Lakini naishi hapa, na ninajua kinachobaki siku ya nne. Muumini mpya hana wa kumfundisha, jirani yake Mwislamu amesikia dini yake ikitajwa kwa dharau kwenye spika, na ukoo uliokuwa ukizikana pamoja umeanza kutazamana.

Mjomba wangu, Mwislamu, alipofariki, sisi Wakristo wa ukoo tulipika na kuteka maji siku zote za msiba. Mwaka uliofuata alipofariki kaka yangu, watu wa msikiti ndio waliochimba kaburi, na maalimu akasimama pembeni kwa heshima padri alipokuwa akisali. Baada ya maziko, kijana mmoja wa nyumba ya mjomba aliniuliza, kwa unyenyekevu kabisa, kwa nini tuliimba kwa furaha tukiwa na msiba. Nilimjibu. Tulikaa mpaka giza likaingia, nikamweleza habari za ufufuko bila kupunguza neno na bila kuongeza chumvi, naye akanieleza anachoamini yeye. Mpaka leo ni Mwislamu, na mpaka leo anakuja kuniuliza mambo. Naamini nilitimiza wajibu wangu siku ile, kwa sababu niliulizwa na mtu aliyekuwa na sababu ya kuniamini.

Agizo alilowaachia Bwana wanafunzi wake kule mlimani Galilaya halijafutwa. Sikubaliani na Wakristo wa siku hizi wanaosema kwamba kwa kuwa tunaishi na watu wa dini nyingine basi tunyamaze. Mtume Paulo alijihesabu kuwa mdeni wa watu wote, na sisi wa Uzigua ni wadeni mara mbili: tunawiwa na wale walioivusha Injili mpaka kwetu wakiwa wametoka utumwani, na tunawiwa na majirani walioishi nasi kwa amani hata tukapata nafasi ya kuiamini. Kunyamaza ni kuwanyima majirani hao kitu bora tulicho nacho. Kupiga kelele na kuondoka ni kuwanyima heshima. Historia yetu inatuonyesha njia ambayo imekwisha kujaribiwa: mtu na mkewe wahamie kijijini, walime, wajue majina, wauguze, wajibu maswali, na wasikate jina la anayeondoka.

Kwa hiyo nimepeleka ombi katika halmashauri ya mtaa wetu, na ninalirudia hapa kwa mitaa yote ya Korogwe, Handeni na Kilindi. Fedha ya mkutano mmoja wa siku tatu inatosha kununua ekari chache, mabati, na posho ya mwaka wa kwanza kwa nyumba moja ya mwalimu. Tuchague mtu na mkewe waliokomaa, wanaojua Kizigua au walio tayari kujifunza, tuwapeleke katika kijiji kimoja ambako hatuna mtu, na tukubaliane tangu mwanzo kwamba hawatadaiwa hesabu ya waliobatizwa kabla ya miaka mitano. Wapewe daftari lenye safu ya maelezo. Padri awatembelee kila mwezi, na aanze kwa kumsalimia mwenyekiti wa kijiji na imamu. Mtaa mmoja ukianza mwaka huu, mwingine utafuata.